Kanda Zisizosikilizwa: Isukuti, Fasihi Simulizi na Uzembe wa Wahakiki

1.0 Utangulizi

Fasihi simulizi hufundishwa katika idara nyingi za Kiswahili nchini Kenya kana kwamba haijapata kusikika. Mwanafunzi wa uzamili huenda nyanjani na kinasasauti, akarekodi sherehe inayochukua alasiri nzima, akarudi chuoni na kunukuu maneno ya nyimbo nne au tano. Maneno hayo huyatafsiri kwa Kiswahili, huyachambua kwa istilahi za takriri, taswira na kinaya, kisha huikabidhi tasnifu yake. Kanda yenyewe hutiwa sandukuni. Msimamizi hakuisikiliza, mtahini wa nje hakuiona, maktaba huipokea tasnifu yenye jalada gumu na haiulizi iliko sauti iliyoizaa. Miaka michache baadaye lebo imebanduka, na hakuna ajuaye tena kama kilichomo ni matanga au arusi.

Makala haya yanadai kwamba utaratibu huu ni kosa la kinadharia kabla haujawa kosa la uhifadhi. Rekodi ya utendaji halisi, yaani ile iliyonaswa mbele ya hadhira na si studioni, ni ushahidi wa tukio. Kwa mhakiki wa fasihi simulizi, rekodi hiyo ndiyo matini ya kwanza. Maneno yaliyonukuliwa kutokana nayo ni muhtasari tu. Idara inayozikata rekodi zake vipande vipande, ikavipanga vipande hivyo kwa majina ya nyimbo na ya makabila, na isisikilize tena kilichobaki, haihifadhi fasihi simulizi. Inatunga fasihi andishi na kuipachika jina la wenyewe.

Mfano utakaotumiwa ni isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, isukuti husikika hatua chache kutoka madarasani ambamo nyimbo zake husomwa kimyakimya. Pili, ni sanaa ambayo hatari yake imekwisha kutangazwa rasmi duniani, hivyo hakuna mhakiki awezaye kudai kwamba hakupewa habari.

2.0 Isukuti na Orodha ya Mwaka 2014

Isukuti ni jina la ngoma na pia ni jina la uchezaji wenyewe. Ngoma hizo hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya wastani na ndogo, zikiandamana na pembe ya paa na manyanga ya chuma. Kiongozi mmoja huimba akienda sambamba na mdundo na hatua za wachezaji, nao wachezaji hujipanga safu mbili, ya wanaume na ya wanawake. Isukuti huchezwa mtoto azaliwapo, jandoni, arusini, matangani, katika sherehe za dini, michezoni na katika mikutano ya hadhara. Katika maeneo ya Isukha na Idakho hata fahali husindikizwa kwa isukuti hadi uwanja wa mapambano.

Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza isukuti katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika unaohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu zilizotolewa zilikuwa bayana: wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, fedha na vifaa vya kutengenezea ala na maleba ni haba, watunzi huvutwa na tanzu zenye kipato kikubwa zaidi, na hadhira imeanza kupendelea burudani za kisasa.

Kilichoorodheshwa mwaka huo ni uchezaji mzima: ngoma, pembe, safu mbili za wachezaji, kiongozi, na matukio ya maisha yanayowakutanisha. Hakuna aliyeorodhesha diwani ya mashairi. Hata hivyo, mhakiki akiombwa kusaidia katika uhifadhi huo, jambo la kwanza afanyalo ni kuyachopoa maneno na kuyaandika, kana kwamba nyumba inayoungua huokolewa kwa kunakili maandishi yaliyo juu ya mlango wake.

3.0 Nadharia Inayokaririwa na Desturi Inayoikana

Kinachoshangaza ni kwamba nadharia inayohukumu desturi hii imo katika kila mhadhara wa utangulizi. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika jarida la Mulika, aliieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio, na akaonyesha kuwa tukio hilo huundwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Kabla yake, Ruth Finnegan (1970) alikwisha kusisitiza kuwa fasihi ya aina hii haipo kikamilifu bila mtendaji anayeitenda katika hafla mahususi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili huweza kuyakariri maelezo haya katika mtihani na kupata alama zote. Mwanafunzi huyohuyo akifika mwaka wa uzamili huruhusiwa kuwasilisha utafiti usio na fanani mwenye jina, usio na hadhira, usio na saa wala mahali, na bado hupewa shahada.

Msomi wa fasihi hawezi kujitetea kwa kusema kuwa rekodi ni mambo ya watu wa muziki. Moja ya nadharia zilizoathiri sana uhakiki wa karne ya 20 ilizaliwa katika mkusanyo wa rekodi. Milman Parry alipokwenda Yugoslavia kati ya mwaka 1933 na 1935 kuwasikiliza waimbaji wa tendi, alibeba mtambo uliokuwa na sahani mbili za kurekodia zilizopokezana, ili mwimbaji asilazimike kukatiza utendi wake diski inapojaa. Mtu aliyejishughulisha kiasi hicho alikuwa ameelewa kwamba urefu wa utendi ni sehemu ya maana yake. Diski zake za alumini zilihifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard, na ni kutokana na mkusanyo huo ambapo Albert Lord, katika kitabu chake cha mwaka 1960, alijenga hoja kwamba kila utendaji ni utungo kamili, wala si nakala ya utungo fulani uliotangulia. Hoja hiyo isingeweza kujengwa na mtu aliyekata rekodi zake na kubakiza "toleo bora".

Hapa Kenya, waraka wa mwaka 1968 wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong ulidai kuwa fasihi ya Kiafrika, pamoja na ile ya mapokeo simulizi, iwe kitovu cha masomo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Dai hilo lilishinda. Lakini fasihi simulizi iliingizwa madarasani kwa mlango wa karatasi, ikavishwa mavazi ya shairi la kitabuni ili ionekane ina hadhi. Ushindi uliopatikana ulikuwa wa maudhui. Mbinu za usomaji zilibaki zilezile zilizokuwa zikipingwa.

4.0 Wimbo Mmoja, Matukio Mengi

Uzito wa jambo hili hudhihirika upesi unapochukuliwa wimbo mmoja tu. "Mwana wa Mberi" ni wimbo wa isukuti unaojulikana mbali nje ya Kakamega. Unahusu mtoto wa kwanza na furaha ya kumpata. Huimbwa arusini, na huimbwa pia uwanjani na mashabiki wa AFC Leopards. Katika orodha ya kawaida ya idara, rekodi mbili za wimbo huu zitapewa kichwa kimoja, na baada ya muda moja itatupwa kwa kuwa ni "marudio".

Lakini kilicho sawa katika rekodi hizo ni nini? Ni jina, lahani na baadhi ya maneno. Arusini, wimbo una watu unaowalenga: kuna bibi arusi, kuna wazazi, kuna ukoo unaotarajia uzao, na kiongozi anaweza kuwataja mmoja mmoja huku akingoja waitikie. Uwanjani, mzaliwa wa kwanza ni timu, na maelfu wanaoitikia hawana ukoo mmoja. Wanajifanya ukoo kwa muda wa dakika tisini. Isitoshe, urefu wa wimbo arusini hutawaliwa na shughuli. Wasindikizaji wakiwa bado njiani, wimbo hauwezi kwisha. Wakifika uani, hauna tena sababu ya kuendelea. Uwanjani huamuliwa na mpira. Mhakiki anayesoma maneno peke yake ataona takriri katika hali zote mbili na kuiita kwa jina hilohilo. Anayesikiliza atatambua kwamba takriri ya kwanza hupima mwendo wa miguu ya watu na ya pili hupima hofu na matumaini yao.

Basi hizo si nakala mbili za wimbo mmoja. Ni tungo mbili, na kuitupa mojawapo ni sawa na kuchoma kitabu kwa sababu kuna kingine chenye jalada la rangi ileile.

5.0 Kelele ni za Nani?

Methali husema mwenye kelele hana neno. Inaelekea wapangaji wa rekodi wameifanya kuwa kanuni ya kazi. Sauti ya mtoto anayelia, vigelegele vinavyoingia katikati ya ubeti, mzee anayemsahihisha kiongozi, kicheko, ugomvi mdogo wa wapiga ngoma, yote hayo huitwa kelele na huondolewa rekodi inapohamishwa kutoka kanda kwenda kompyuta. Kinachobaki kinasikika safi, na hakisemi lolote kuhusu waliokuwapo.

Mfano wa karibu ni gitaa la omutibo, lililostawi katika eneo hilohilo la magharibi ya Kenya. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, aliimba nyimbo zake mashuhuri kwa Kiswahili, na kwa hiyo ni mtunzi ambaye idara za Kiswahili hazina udhuru wa kumpuuza. Katika mtindo huu, chupa ya soda yenye mifereji hukwaruzwa kuwa ala ya mdundo. Sikio lisilofundwa lingeidhania chupa hiyo kuwa mchakaruro wa santuri na kuisafisha. Zaidi ya hayo, upande mmoja wa santuri ya kasi ya 78 ulichukua dakika tatu hivi. Msomaji anayehesabu beti za wimbo wa wakati huo na kusifu ufupi wake kama uamuzi wa mtunzi anasifu kipimo cha kiwanda.

Wahakiki wa pwani wanalifahamu jambo hili kuhusu taarabu. Msikilizaji anapoinuka na kwenda kumtunza mwimbaji katika ubeti fulani, huufanya ubeti huo kuwa wake na kumrushia hasimu aliyeketi upande wa pili. Bila kitendo hicho mpasho haujampata mpashwaji. Hakuna mhakiki makini wa taarabu anayeliona jambo hilo kuwa usumbufu. Ni kwa nini basi kigelegele cha mama wa Shinyalu kiwe taka, na noti ya mama wa Zanzibar iwe sehemu ya sanaa?

Wataalamu wa uhifadhi wenyewe hawaungi mkono usafishaji huu. Miongozo ya IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, hudai kuwa nakala ya kuhifadhiwa ichukuliwe kwa ukamilifu na isihaririwe. Anayetaka nakala iliyosafishwa aitengeneze kando, baada ya ile kamili kuwekwa salama. Kwa maneno mengine, mhandisi wa sauti anaiheshimu hadhira kuliko mhakiki wa fasihi anavyoiheshimu.

6.0 Hoja za Upande wa Pili

Zipo hoja zinazotolewa kutetea desturi iliyopo, na si haki kuzipita kimya.

Hoja ya kwanza ni kwamba fasihi ni sanaa ya lugha, na kwa hiyo ngoma na pembe ziachiwe idara ya muziki. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mhakiki angeombwa kuandika nota. Haombwi hivyo. Anaombwa asikie nani anaanza, nani anaitika, kwa kukawia kiasi gani, na ni neno lipi lililozalisha kicheko. Hayo ni maswali ya lugha. Mhakiki wa tamthilia hasomi mazungumzo huku akifuta majina ya wahusika, wala hasemi kuwa kimya cha jukwaani ni kazi ya fundi wa taa.

Hoja ya pili ni ya kiutendaji: mitihani inahitaji matini iliyochapishwa, na hakuna mhadhiri mwenye saa za kusikiliza kanda za tasnifu kumi. Kweli, saa ni chache. Lakini hakuna msimamizi anayethubutu kusema kwamba hakuisoma riwaya inayochambuliwa kwa kuwa ina kurasa nyingi. Matini zilizochapishwa ziendelee kutumika, mradi kila moja ielezwe kuwa ni dondoo, na ionyeshe imetolewa dakika ya ngapi ya rekodi gani.

Hoja ya tatu ndiyo ya siku hizi: kila mwombolezaji ana simu yenye kamera, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Wingi huu ni wa kudanganya. Vipande vya nusu dakika vinavyopitishwa kutoka simu hadi simu ni vifupi kuliko hata upande wa santuri ya Mukabi. Havina tarehe ya kuaminika, havina majina, na hutoweka simu inapoibwa au kuharibika. Teknolojia imeongezeka, na tukio limezidi kukatwakatwa.

Hoja ya nne ina uzito zaidi: rekodi yenyewe si tukio. Maikrofoni ina mahali iliposimama, na aliyeishika ana mapendeleo yake. Hugh Tracey, aliyerekodi sehemu nyingi za Kenya mwaka 1950 na 1952, aliishika maikrofoni mwenyewe na kuisogeza kuelekea sauti aliyoitaka isikike. Masikio yake yamo katika rekodi zake pamoja na sauti za waimbaji. Hili ni kweli, na ndiyo sababu rekodi inapaswa kuhifadhiwa pamoja na maelezo ya namna ilivyopatikana. Kasoro ya ushahidi haiponyi kwa kuuharibu ushahidi zaidi.

7.0 Kupanga, Kusikiliza na Kurudisha

Yafaa basi isemwe ni nini kifanywe. Jambo la kwanza ni rejista. Rekodi za utendaji halisi zipangwe kwa matukio: tarehe, mahali, hafla, walioshiriki kwa majina yao iwapo wamekubali, mahali kinasasauti kiliposimama, saa kilipowashwa na kuzimwa, na kwa nini kilizimwa. Majina ya nyimbo yaje baadaye, kama faharasa ndani ya tukio, kwa dakika na sekunde. Mtafiti anayetaka wimbo fulani ataupata. Lakini hataupata bila kupita katika hafla iliyouleta.

Jambo la pili ni muda. Kaseti ilianza kuuzwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, nayo haikutengenezwa idumu milele; sumaku hufifia, utepe hushikana, na mashine za kuichezea zinazidi kuadimika. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilitoa onyo kuwa kanda za sumaku ambazo hazingekuwa zimehamishiwa katika mfumo wa kidijiti kufikia mwaka 2025 zingekuwa katika hatari kubwa ya kupotea kabisa. Mwaka 2019 UNESCO na IASA zilirudia tahadhari hiyo kwa dunia nzima. Sanduku lililo chini ya meza ya mhadhiri halina kinga dhidi ya onyo hilo.

Jambo la tatu ni kusikiliza pamoja na wenyewe. Mwaka 2014, mwaka uleule isukuti ilipoorodheshwa, hifadhi ya ILAM ya Chuo Kikuu cha Rhodes, aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells kurudisha nakala za rekodi zake kwa jamii za Kenya, wakiwamo Wakipsigis walioimba "Chemirocha" mwaka 1950. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita. Kurudisha kwa namna hiyo kuna faida ya kitaaluma mbali na ile ya haki. Msikilizaji wa Khayega au Malinya anaweza kumwambia mtafiti kwamba ukimya uliodhaniwa kuwa hitilafu ya kanda ulikuwa wakati jeneza linapita, au kwamba jina lililonukuliwa kama neno lisilo na maana lilikuwa jina la babu wa marehemu. Maarifa hayo hayamo katika kamusi yoyote, na wenye kuyajua ndio haohao wazee ambao orodha ya mwaka 2014 ililalamika kuwa hawana warithi.

Hapa lazima uzingatiwe pia ukweli kwamba si kila rekodi yafaa kusikilizwa na kila mtu. Kilio cha matangani hakikutolewa kwa ajili ya semina. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inazitambua jamii kuwa na haki juu ya semi hizo, inadai idhini yao, na inazipa serikali za kaunti jukumu la usajili. Idara ambayo haijui ni nani aliimba katika kanda zake haiwezi kuomba idhini hata ikitaka. Rejista mbaya, kwa hiyo, huwa pia ni dhuluma.

Jambo la nne ni kanuni moja ambayo haihitaji fedha wala mfadhili: tasnifu ya fasihi simulizi isiyoambatana na rekodi kamili, iliyosajiliwa na kusikilizwa na msimamizi na mtahini, isitahiniwe. Itakapokuwa hivyo kwa miaka michache tu, masanduku yatajifungua yenyewe.

8.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba rekodi ya utendaji halisi ni matini ya tukio, kwamba kuikata na kuisafisha ni kuibadilisha, na kwamba wahakiki wa Kiswahili wanaifahamu nadharia inayosema hivyo ila hawaitii. Lililo hatarini si sifa ya idara. Isukuti inaweza kuendelea kupigwa kwenye majukwaa ya mashindano, kwa dakika zilizopimwa na mbele ya majaji, hata baada ya mzee wa mwisho anayejua kuongoza safari nzima ya maiti kutoka njia panda hadi kaburini kuaga dunia. Siku hiyo, tofauti kati ya kilichobaki na kilichokuwapo itaweza kuthibitishwa kwa kanda tu, na kwa maelezo ya watu walioisikiliza kanda hiyo wakati bado kulikuwa na wa kuulizwa. Wa kuulizwa bado wapo Isukha na Idakho. Kanda zipo sandukuni. Kinachokosekana ni mhakiki aliye tayari kuketi na kusikiliza.